Siku ya kupima macho: utakachofanyiwa hatua kwa hatua, na cha kudai kabla hujaondoka

Je, inauma? Ile hewa haiwezi kunitoboa jicho? Nikipimwa ni lazima ninunue miwani? Nikianza kuvaa miwani, macho si ndiyo yatazidi kulegea? Sisi tunaofanya kazi kwenye kliniki za macho huulizwa maswali haya kila kukicha. Wanaouliza ni watu wazima wenye akili zao, ila hakuna aliyewahi kuwaeleza kinachofanyika nyuma ya ule mlango. Nayajibu hapa kwa kufuata mpangilio wa siku yenyewe, tangu unapotoka nyumbani hadi unaporudi.

Kwa ufupi: haiumi, hakuna kitakachotoboka, si lazima ununue miwani, na miwani haiharibu macho. Lakini kabla ya yote shika hili: kupima macho si kutafuta namba ya miwani peke yake. Kuna mambo matatu ambayo lazima yafanyike. Kila jicho lipimwe peke yake, presha ya macho ipimwe, na nyuma ya jicho patazamwe. Ukitoka bila kufanyiwa mojawapo, umepimiwa miwani tu, macho bado hayajapimwa.

Kwa nini usumbuke ilhali unaona vizuri

Kwa sababu magonjwa mabaya zaidi ya macho huanza kimya. Ugonjwa wa presha ya macho, unaoitwa pia glakoma, kwa kawaida hula uoni wa pembeni kwanza. Mgonjwa anaendelea kusoma gazeti vizuri huku akigonga bega mlangoni na kushtushwa na pikipiki inayotokea ubavuni. Anapokuja kugundua, sehemu ya mshipa wa fahamu wa jicho imeshakufa, na kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Tiba inalinda kilichobaki. Kisukari nacho huharibu vijishipa vya damu vya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, muda mrefu kabla mtu hajaona ukungu wowote.

Mtoto wa jicho ni afadhali, kwa kuwa lenzi iliyofanya ukungu hutolewa, ikawekwa ya bandia, na mtu akaona tena. Ndiyo maana inauma sana kumpokea mzee aliyekaa gizani miaka akidhani ni uzee tu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana matatizo ya kuona, na kwa wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Wengi wa hao wanahitaji miwani tu, au upasuaji wa mtoto wa jicho.

Pa kwenda

Anza na kitengo cha macho cha hospitali ya wilaya au ya mkoa, na Kenya cha hospitali ya kaunti. Likionekana tatizo kubwa utapewa rufaa. Huku kwetu Tanzania wengi huishia KCMC Moshi, Muhimbili au CCBRT Dar es Salaam, na Mnazi Mmoja kwa walioko Unguja; Kenya kuna vituo kama hospitali ya Kikuyu na kituo cha macho cha Kwale. Wiki ya Siku ya Macho Duniani, ambayo huwa Alhamisi ya pili ya Oktoba, vituo vingi hupima bure. Foleni huwa ndefu na uchunguzi huwa wa harakaharaka, lakini kwa mtu ambaye hajawahi kupimwa kabisa ni mwanzo mzuri.

Duka la miwani lenye mtaalamu wa optometria (upimaji wa macho na miwani) aliyesajiliwa ni sawa kwa namba ya miwani, na baadhi yao hupima presha pia. Duka ambalo unaweka kidevu kwenye mashine, karatasi inatoka, halafu unaambiwa "chagua fremu", hapo hujapimwa.

Vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

- Miwani yako yote, hata iliyovunjika mkono, hata ile ya kusomea uliyonunua kwa machinga. Namba yake ya zamani inatuonyesha macho yamebadilika kiasi gani.
- Dawa zote unazotumia, za kunywa na za matone, au picha za pakiti zake kwenye simu. Usiache za kifua kikuu: ethambutol huweza kudhuru mshipa wa jicho. Dawa za pumu, za ngozi na za baridi yabisi zenye steroidi zinaweza kupandisha presha ya macho.
- Kadi ya bima au kitambulisho, na fedha kidogo ya akiba kwa ajili ya matone.
- Kwa mwenye kisukari, daftari la vipimo vya sukari.
- Habari za ukoo. Uliza nyumbani: kuna aliyepofuka? Alikuwa na umri gani? Kuna aliyewahi kuambiwa ana presha ya macho? Swali hili lina thamani kuliko watu wanavyodhani.
- Miwani ya jua au kofia yenye ukingo. Kina mama, hata ushungi wa kuvuta mbele unasaidia.
- Mtu wa kukusindikiza, hasa kama umekuja na bodaboda yako mwenyewe.

Usipake wanja, na usibandike kope siku hiyo. Wanja huelea kwenye machozi na kumchanganya anayekuchunguza, nazo kope za kubandika huziba njia ya taa. Kama unavaa lenzi za kubandika juu ya jicho (contact lens), njoo na kikopo chake, na ni bora ukae bila kuzivaa tangu siku iliyotangulia, maana hubadilisha kidogo umbo la kioo cha mbele cha jicho.

Mwenye kisukari asikie hili: sukari ikiwa imepanda sana, au ikiwa ndiyo kwanza umeanza dawa na inashuka, namba ya miwani huhama. Njoo uchunguzwe nyuma ya jicho bila kuchelewa, lakini miwani iagize baada ya sukari kutulia kwa wiki kadhaa. Watu wametupa fedha nyingi kwa kutolijua hili.

Hatua kwa hatua

1. Maelezo yako

Utaulizwa umekuja kwa nini. "Macho tu" si jibu. Sema jicho lipi, tangu lini, lilianza ghafla au polepole, na linakuzuia kufanya nini. "Siwezi kutunga uzi kwenye sindano" inatuambia mengi. "Usiku taa za magari zinanitia kiwi" nayo inatuambia mengine. Sema pia kazi yako. Fundi cherehani, dereva wa lori na mchomelea vyuma wanahitaji miwani tofauti hata wakiwa na namba moja.

Kama umejitia kitu jichoni, kiseme. Maziwa ya mama, maji ya chumvi, majani yaliyotwangwa, matone ya jirani, vyote tumeshaviona. Hatuulizi ili tukugombeze, tunauliza kwa sababu tiba inategemea jibu hilo.

2. Kusoma ubao wa herufi

Utasimama au kukaa mita 6 kutoka kwenye ubao. Chumba kikiwa kifupi, hutumika kioo ili umbali utimie. Wazo la ubao huu ni la daktari Mholanzi, Herman Snellen, aliyeutoa mwaka 1862, na bado hatujapata kilicho rahisi kuliko huo. Asiyejua kusoma hupewa ubao wa alama ya E iliyogeuzwa huku na huku, naye huonyesha kwa mkono vidole vya ile E vinaelekea wapi. Usione haya kuomba huo.

Utaambiwa uzibe jicho moja. Lizibe kwa kiganja, usilibonyeze, na usichungulie katikati ya vidole. Hapa ndipo penye mshangao mkubwa kuliko pote kliniki. Bibi mmoja alisoma mistari yote ya jicho la kulia bila kukwama. Nikamwambia, "Haya bibi, sasa badilisha mkono." Alipoziba jicho zima alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mbona mmezima taa, mwanangu?" Taa ilikuwa inawaka. Jicho la kushoto lilikuwa halioni kitu, na hakuwahi kujua, kwa sababu lile jingine lilikuwa linambeba. Basi hata leo ukiwa nyumbani, ziba jicho moja, tazama kalenda ukutani, kisha badilisha.

Matokeo huandikwa kwa namba mbili. 6/6 maana yake ukiwa mita 6 unaona anachokiona mtu mwenye uoni wa kawaida akiwa mita 6. 6/60 maana yake wewe unahitaji kuwa mita 6 kuona anachokiona yeye akiwa mita 60. Ndugu walioko Marekani wataletewa 20/20, kwa kuwa wanapima kwa futi. Ni kipimo kilekile cha 6/6.

Onyo: usikunje uso wala kubana kope. Ukibana kope unajitengenezea tundu dogo la kuonea na herufi zinasomeka, halafu unarudi nyumbani na tatizo lako. Wala usisikilize anayesoma mbele yako. Watoto hasa hukariri mistari wakiwa kwenye foleni, ndiyo maana ubao hubadilishwa.

3. Kuchungulia kwenye tundu

Usiposoma hadi chini, utapewa kibao cheusi chenye tundu dogo au vitundu vingi. Uoni ukiwa bora kupitia tundu, yaelekea miwani itasaidia. Usipobadilika, tatizo linaweza kuwa kwenye lenzi, retina au mshipa wa fahamu. Kipimo hiki ni cha nusu dakika na hakigharimu kitu, hivyo kama hukufanyiwa, omba.

4. Kutafuta namba ya miwani

Huenda ukaanza na ile mashine yenye picha ya nyumba au puto mwisho wa barabara. Inakisia namba. Kukisia tu. Baada ya hapo utavalishwa fremu nzito ya majaribio, na mtaalamu ataanza kubadilisha vioo: "Kipi bora, cha kwanza au cha pili?"

Watu hutokwa jasho hapa wakidhani ni mtihani. Hakuna jibu la kukosea. Vikiwa sawa, sema "ni sawa", kwa kuwa hilo nalo ni jibu tunalolitafuta. Ila chagua kioo kinachofanya herufi zisomeke vizuri zaidi. Kioo kinachozifanya ziwe nyeusi na ndogo kinaweza kuwa kimezidi nguvu, na ndicho kinacholeta kichwa kuuma baadaye.

Kuanzia kama miaka 40 hivi, jicho la kila mtu huanza kushindwa kuvuta vitu vya karibu, hata la yule aliyejivunia macho yake maisha yote. Utapimwa kusoma karibu pia. Shika kile kikaratasi kwa umbali unaosomea kwa kawaida, msahafu, Biblia au simu, usikisogeze ili kumfurahisha mpimaji.

Kabla ya kuvua fremu ya majaribio, omba utembee nayo hadi mlangoni na utazame nje. Sakafu ikipanda au kuinama, sema pale pale.

5. Mboni na mwendo wa macho

Utamulikwa kwa tochi jicho moja na jingine, na utaambiwa ufuate kidole bila kugeuza kichwa. Ni hatua fupi, lakini mboni isiyojibu mwanga sawasawa ni dalili nzito ya ugonjwa wa mshipa. Wengine watafunguliwa kitabu cha vidoa vya rangi ili kupima kama wanatofautisha rangi. Anayetumia ethambutol asikose hiki.

6. Hadubini yenye taa

Weka kidevu kwenye kibao, paji la uso lishikamane na ukanda wa juu. Mwanga mwembamba utapita juu ya jicho huku daktari akitazama kope, kioo cha mbele na lenzi. Hapa huonekana mtoto wa jicho, makovu ya zamani, na kope zilizoota kuelekea ndani kwa walioathiriwa na trakoma, maambukizi yanayoacha makovu ndani ya kope. Usivute kichwa nyuma, maana picha yote hupotea. Kama kiti kiko chini au juu mno, sema kirekebishwe.

7. Presha ya macho

Hii si presha ya damu. Ya mkono inaweza kuwa nzuri kabisa na ya jicho ikawa juu. Ni msukumo wa majimaji yaliyo ndani ya jicho, na kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki.

Njia ni kadhaa. Kuna mashine inayopuliza hewa, inashtua lakini haiumi. Kuna ya kijiti chembamba kinachogusa jicho kwa mguso ambao hutausikia. Na kuna ile ya kwenye hadubini: unatiwa tone la ganzi, linawasha kidogo kisha jicho linakufa ganzi, inawekwa rangi ya manjano, na unaona duara la bluu likikusogelea.

Legeza tai na kifungo cha shingoni. Pumua kama kawaida. Usibane kope. Shingo iliyokazwa, pumzi iliyozuiwa na kope zilizobanwa vyote hupandisha namba, na unaweza kuitwa mgonjwa bure. Baada ya tone la ganzi usifikiche jicho kwa nusu saa, kwa kuwa unaweza kulikwaruza usisikie. Ile rangi ikitoka na kamasi usiogope.

Uliza namba yako na uiandike. Na ikiwa ni 15, usiondoke ukishangilia: presha hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na wapo wenye glakoma ambao namba zao ni za kawaida. Ndiyo maana hatua mbili zinazofuata haziachwi.

8. Matone ya kutanua mboni

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na wanaoiruka mara nyingi ni wagonjwa wenyewe. "Nina haraka, nitakuja siku nyingine." Hiyo siku nyingine haiji.

Mboni ni tundu, na nyuma yake ndiko kuna retina na mshipa wa fahamu. Ukimulikwa, tundu hujibana na daktari huona kijisehemu tu. Matone hulifungua. Yanawasha kwa sekunde chache, na kwa kawaida huchukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi. Wengine hutiwa tena. Ukiwa umekaa benchi utaona simu haisomeki na mwanga wa dirisha unachoma. Ni kawaida. Huisha baada ya saa 4 hadi 6 hivi, kwa wengine hadi kesho yake.

Yazingatie haya:

- Mwambie daktari kama uliwahi kuambiwa una presha ya macho ya pembe nyembamba, au kama umewahi kuumwa jicho ghafla usiku na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Macho ya namna hiyo hukaguliwa pembe yake kabla ya kutiwa matone.
- Usiendeshe gari, pikipiki wala mashine hadi uoni urudi.
- Usipange kusaini mkataba wala kuhesabu fedha za mauzo jioni hiyo.
- Kwa watoto hutumika matone yenye nguvu zaidi. Atropini inaweza kumwacha mtoto na mboni kubwa kwa wiki moja hadi mbili. Mjulishe mwalimu wake.

9. Nyuma ya jicho

Daktari atakutazama kwa taa ya kichwani na lenzi ya mkononi, au kwa hadubini, au kwa kamera. Mwanga ni mkali. Atakwambia tazama juu, chini, kulia, kushoto. Fuata tu, usimtazame yeye. Anaangalia kitovu cha mshipa wa fahamu kama kimechimbika, vijishipa vya damu kama vinavuja, na retina kama imechanika. Ni mahali pa nadra mwilini ambapo mishipa ya damu huonekana moja kwa moja bila kukata ngozi, kwa hiyo wengine hugundulika hapa kuwa na kisukari au presha ya damu wasiyoijua.

Akitilia shaka, atakuandikia kipimo cha uoni wa pembeni. Unabonyeza kitufe kila uonapo kidoa cha mwanga. Kinachosha, na vidoa vingi hufanywa hafifu makusudi, hivyo usikate tamaa ukivikosa.

10. Majibu na karatasi yako

Usisimame hadi uulize: Jicho hili lina nini, na lile je? Presha ni ngapi? Nyuma ya jicho pakoje? Nirudi lini?

Kisha omba karatasi ya vipimo, hata kama hununui miwani hapo. SPH ni nguvu ya kioo: alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, ya kujumlisha mara nyingi ni ya karibu. CYL na AXIS ni vya jicho ambalo kioo chake cha mbele hakikujipinda sawasawa pande zote. ADD ni nyongeza ya kusomea. PD ni umbali wa mboni hadi mboni kwa milimita, na fundi miwani akiukosea, vioo sahihi vitakuumiza kichwa. Mara nyingi hauandikwi, kwa hiyo uombe kwa jina.

Kwa wenye watoto

Mpeleke kabla hajaanza shule, hata akionekana mzima. Jicho lenye makengeza au namba kubwa huachwa na ubongo, na kulifundisha tena baada ya miaka 7 au 8 ni kazi ngumu sana. Kengeza si baraka wala mapambo, lipimwe. Mtoto mwenye ualbino apimwe mapema zaidi, maana karibu wote huwa na uoni hafifu na macho yasiyostahimili mwanga. Miwani, kofia na kukaa dawati la mbele hubadilisha kabisa masomo yake.

Ukiona kwenye mboni ya mtoto weupe unaong'aa, au ukauona kwenye picha ya simu, nenda wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, na ikiwahiwa, maisha ya mtoto huokolewa.

Mambo yakienda kombo

Miwani mipya inanipa kizunguzungu. Ivae mfululizo kwa wiki moja hadi mbili. Ikiendelea, irudishe pamoja na karatasi, vioo vilinganishwe na vipimo kabla hujapimwa upya. Mara nyingi kosa huwa la karakana, au la PD.

Miwani imenifanya niwe tegemezi. Hapana. Umeonja kuona vizuri, ndiyo maana ukiivua unahisi tofauti. Jicho lingebadilika hata bila miwani.

Nimeandikiwa matone ya presha na sioni nafuu. Hutaiona. Kazi yake ni kuzuia uharibifu, si kuongeza uoni. Anayeyaacha kwa sababu "hayasaidii" ndiye anayerudi akiwa kipofu. Kama bei imekushinda, rudi useme, kwa sababu zipo dawa za bei nafuu na ipo tiba ya mionzi ya leza au upasuaji.

Macho ni mekundu na yana matongotongo. Ninunue matone dukani? Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na pwani ya Kenya, wengi walijitia chochote walichoshauriwa. Ugonjwa ule wa virusi kwa kawaida hupona wenyewe. Matone yenye deksamethasoni, aina ya steroidi, ndiyo ninayoyaogopa zaidi: huondoa wekundu haraka, mtu huyapenda, naye akiyatumia kwa miezi huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Usiyanunue bila cheti.

Baada ya matone ya kutanua, jicho linauma sana na natapika. Rudi hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Kitu kimeniingia jichoni. Ikiwa ni saruji, chokaa, dawa ya madoa au tindikali, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa nusu saa kabla hujaanza safari. Usikimbilie hospitali jicho likiwa bado na chokaa.

Nimeona mwanga kama wa radi, vidoa vingi vinavyoelea, au pazia jeusi. Vikianza ghafla, ni dharura. Retina inaweza kuwa inabanduka.

Urudi baada ya muda gani

Mwenye kisukari, kila mwaka, na wa aina ya pili aanze siku ile anapoambiwa anacho. Aliyevuka miaka 40, kila mwaka mmoja hadi miwili. Ukiwa na mzazi, kaka au dada wa damu mwenye presha ya macho, usisubiri 40. Watu wenye asili ya Kiafrika huupata ugonjwa huu zaidi na katika umri mdogo zaidi, kwa hiyo anza ukiwa kwenye thelathini na urudi kila mwaka. Mtoto mwenye miwani, kila mwaka au mapema zaidi akiambiwa. Kijana mzima asiye na tatizo, kila miaka miwili au mitatu inatosha.

Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi yako. Kama haipo, muulize muuguzi kabla hujarudisha faili dirishani, na umwambie ndugu yako wa damu aje naye siku hiyo.